Dakika Kumi na Mbili Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Kosa wanalofanya waandishi wengi wa programu ni kudhani kwamba ukishajitambulisha mara moja, umejulikana. Wanaandika msimbo wao, wanaweka ufunguo kwenye ombi la kwanza, seva, ile kompyuta ya mbali inayojibu maombi, inawakubali, wanafurahi. Ombi la pili linakwenda mikono mitupu na kurudishwa mlangoni. Hapo wanaanza kuilaumu seva. Seva haina kosa. Haikumbuki mtu. Kwake kila ombi ni mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza, na kila mgeni lazima aseme upya yeye ni nani, hata kama ametoka hapo sekunde moja iliyopita.

Nimeyaandika haya kana kwamba kuna darasa mbele yangu. Hakuna. Miaka ishirini na tisa ya kufundisha hesabu chuoni haimtoki mtu kirahisi.

Sababu ni barua ya maabara kuu. Kitengo cha kusafisha damu, pale hospitalini, kinapata majibu ya vipimo kwa programu niliyoiandika mimi miaka sita iliyopita. Mke wangu ndiye aliyeniomba. Alikuwa muuguzi mkuu pale. Wagonjwa ambao figo zao zimechoka huja mara tatu kwa wiki. Damu yao inapimwa, programu inaiuliza maabara, majibu yanatokea kwenye kompyuta ya wauguzi, daktari anachagua maji ya dawa ya kutia kwenye mashine. Sasa maabara inasema: kuanzia Jumatatu tarehe 17, kila ombi libebe heda tatu — jina la kitengo, saa ombi lilipotumwa, na saini. Mlango mpya umeshafunguliwa kwa majaribio. Wa zamani unafungwa Jumapili ya tarehe 16.

Aliyenipigia ni muuguzi mkuu wa sasa. Wagonjwa wanamwita Kamanda. Mke wangu alimlea kikazi tangu hajui hata kushika sindano, ndiyo maana ananiita shemeji. Anasema hospitali ina fundi wake wa kompyuta, ila programu yangu haigusi. "Kila nikimwambia, anasema hiyo ni ya mzee."

Nikamwambia mzee yupo.

Nina wiki mbili. Ni miezi tisa tangu tumzike mke wangu.


Jumatano, 5 Machi

Heda ni nini? Fikiria barua ndani ya bahasha. Barua ni ombi lenyewe: nipe majibu ya mgonjwa fulani. Heda ni yale maandishi ya juu ya bahasha, ambayo mlinda mlango anayasoma kabla hajaamua kama bahasha iingie au isiingie.

Saini ndiyo inayonipendeza. Programu inachukua jina la kitengo na saa, inavisaga pamoja na ufunguo wa siri, unatoka mstari mmoja wa herufi na namba. Maabara nayo ina ufunguo uleule. Inasaga vilevile upande wake. Unga ukifanana, mlango unafunguka. Siri yenyewe haisafiri kabisa. Na saa imo humo ili mwizi akinakili ombi la leo asilitumie kesho. Likipitisha dakika tano, limeoza.

Wengi huziandika heda kwa mkono kwenye kila ombi, hapa na pale. Programu yangu ina sehemu kumi na saba zinazoomba kitu. Ukizijaza kumi na sita na kusahau moja, utakuja kuijua hiyo moja siku mbaya. Mimi nimetafuta mahali pamoja ambapo maombi yote hupita yakitoka, nikaziweka pale. Hakuna linalotoka bila kuvishwa.

Saa tisa alasiri nikajaribu kwenye kompyuta yangu hapa mezani. Jibu: mia mbili. Maana yake, karibu.

"Imekubali," nikasema kwa sauti. Nyumba kimya. Mke wangu angeniuliza, bila kuinua macho kwenye sare anazozikunja: kwani ilikuwa imekataa?

Jioni binti yangu alipiga. Yuko mbali, ana kazi, ana watoto. Nikaanza kumweleza habari ya saini. Akasikiliza mpaka kwenye kusaga. Halafu akasema, vizuri baba, umekula?

Nimekula.


Ijumaa, 7 Machi

Kitengoni. Vitanda vinane, mashine nane zinavuma kwa pamoja kama friji kubwa moja. Kompyuta iko kwenye meza ya wauguzi karibu na dirisha, kiti chake kimelegea mguu mmoja. Nilikaa pale alipokuwa akikaa mke wangu.

Nikaweka programu mpya. Nikatuma ombi. Mia nne na moja. Yaani: sikutambui.

Mara ya pili, sikutambui. Mara ya tisa, vivyo hivyo. Msimbo uleule, ufunguo uleule. Nyumbani imekubali.

Kamanda alikuja akasimama nyuma yangu. Akikasirika huwa haniiti shemeji.

"Mwalimu, si ulisema imekubali?"

"Nyumbani ilikubali."

"Basi tuhamishe vitanda, twende kwako. Una sebule ya watu wanane?"

Wauguzi wakacheka. Na mimi nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo. Nikairudisha programu kwenye mlango wa zamani, nikaondoka.


Jumamosi, 8 Machi

Sikutoka. Nimechapa msimbo wote kwenye karatasi nikausoma kwa kalamu nyekundu. Hauna kosa. Kazi yenye kosa hurekebishwa. Kazi isiyo na kosa na bado inakataliwa humfanya mtu ajitazame mikono.


Jumatatu, 10 Machi

Nilidhani nimelipata. Mwisho wa ufunguo kulikuwa na nafasi tupu, moja tu, imeingia nilipounakili kwenye kompyuta ya kitengo. Jicho haliioni, lakini kwenye kusaga inahesabiwa kama herufi nyingine yoyote. Nikaifuta kwa furaha ya mtoto. Nikatuma.

Sikutambui.

Fundi wa kompyuta wa hospitali alipita. Kijana mwenye adabu, ana haraka. Akashauri niweke ufunguo kwenye anwani ya wavuti, tuone. Nikamweleza kwamba anwani huandikwa kwenye kumbukumbu za kila mashine inakopita, kwa hiyo siri yetu ingesomwa na kila anayefagia njiani. Nilieleza kwa kirefu mno. Alikuwa ameshaangalia simu mara tatu.

Kitanda cha tano kiko karibu na meza. Analala mshonaji, mama wa makamo, miaka minne sasa yuko kwenye mashine. Anaweza kutaja kipimo cha kiuno cha kila muuguzi kwa kumtazama tu, na huwataja.

"Baba," akaniambia, "siku ya pili leo unabisha hodi hapo. Umekuja kutengeneza au kuposa?"

"Kuposa."

"Basi badilisha mshenga."

Kamanda alinivuta pembeni akaniambia neno ambalo mshonaji halifanyii mzaha. Wiki iliyopita, katikati ya kusafishwa, moyo wake uliruka mapigo. Potasiamu ilikuwa imeshuka mno, na maji ya mashine yakaishusha zaidi. Daktari ameagiza: huyu asiunganishwe tena hata mara moja kabla jibu la potasiamu halijasomwa. Likiwa chini atumie maji ya aina moja, likiwa juu ya aina nyingine. Ukikosea, moyo unasimama. Na asiposafishwa, sumu inajaa. Kitengo hakina kipimo chake. Maabara haisomi tena majibu kwa simu, tangu siku nukta ya namba iliposikika vibaya. Karatasi huletwa kwa pikipiki saa sita mchana, ikiwahi.

"Kwa hiyo Jumatatu ijayo, Mwalimu, hilo dubwana lijibu."

Nimerudi kwa miguu. Sikutaka kufika mapema.


Jumanne, 11 Machi

Niliiandikia maabara. Mhandisi wao akanipigia nikiwa kitengoni. Mwanamke, sauti changamfu, kama mtu anayekula kitu.

"Mzee, nimeyaona maombi yenu. Jina sahihi. Saini sahihi, imesagwa vizuri kabisa. Shida moja tu, mnatutumia maombi ambayo bado hamjayatuma."

Nikamwomba arudie.

"Yanatoka mbele, mzee. Hapa kwetu ni saa nne na dakika nane. Lenu la sasa hivi linasema ni saa nne na ishirini. Sisi mwisho wetu dakika tano." Akacheka, si kwa ubaya. "Huko kwenu mmeshafika, sisi bado tunakuja."

Nikatazama pembe ya kioo cha kompyuta. Saa nne na ishirini. Nikatazama ukutani. Saa nne na ishirini. Saa ndogo ya mezani, ishirini na moja. Saa ya mkononi mwangu peke yake ilisema na nane, na kwa muda nikaamini ndiyo mbovu. Siku zote hizo nimekaa mbele ya kioo kile na sikuitazama pembe ile.

Nikamuuliza Kamanda kwa nini saa zote za humu zinakwenda mbele. Alikuwa anakunja kamba ya mashine. Akaacha kukunja.

"Hiyo ni saa ya Sista Mkuu," akasema. Ndivyo walivyomwita.

Nikasema sielewi.

Akanieleza polepole, jinsi mimi ninavyowaeleza wengine. Miaka mingi nyuma wauguzi walikuwa wanafika kwa wakati, lakini kusuuza mashine kunachukua dakika kumi na mbili, kwa hiyo mgonjwa wa kwanza kila siku aliikuta haijawa tayari. Siku moja mzee mmoja aliyetoka safari ndefu alianguka hapo hapo akisubiri. Mke wangu hakugombana na mtu. Asubuhi iliyofuata saa zote za kitengo zilikuwa dakika kumi na mbili mbele. Kompyuta ilipokuja, nayo akaisogeza. Hakutangaza. Kila mtu anajua saa inadanganya, na kila mtu anaitii.

Programu ya zamani haikujali saa. Kwa miaka sita sikuwa na sababu ya kuulizia.

"Na mimi mbona hakuniambia?"

Kamanda akawatazama wenzake. Mmoja akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Alisema, shemeji… alisema, msimwambie mume wangu. Ataisahihisha."


Jumatano, 12 Machi

Ni kweli. Ningeisahihisha.

Nilikuwa namsahihisha mbele ya wageni. Anasimulia jambo, anasema ilikuwa Jumanne, nasema hapana, Jumatano. Hadithi inakatika. Anasema haya, Jumatano. Haendelei nayo kwa moto uleule. Miaka thelathini na sita nilidhani ninasaidia.

Jioni alipoingia nilikuwa nikimwambia: leo umewahi kurudi. Anajibu, kazi imeisha mapema. Haikuisha mapema. Walitoka kwa saa yake, kama walivyoingia kwa saa yake. Dakika kumi na mbili za kila jioni aliziiba akaja nazo nyumbani, na mimi nilizipokea bila kujua nimepewa.

Nilianza kupiga hesabu ni jumla ya saa ngapi kwa miaka yote ile. Nimeacha.


Alhamisi, 13 Machi

Kuna njia mbili za haki za kutibu tatizo hili.

Ya kwanza, sahihisha saa ya kompyuta. Bora zaidi, iunganishe na saa ya mtandao ijirekebishe yenyewe. Ya pili, ikiwa huwezi kuigusa saa, isikilize seva: kila jibu lake, hata la kukataa, huja na saa yake yenyewe. Programu itoe tofauti, ijirekebishe, na iipime upya kila mara. Saa ikisogea, programu inasogea nayo.

Ya tatu ni ya mwanafunzi mvivu. Unaandika namba. Toa dakika kumi na mbili. Imekwisha.

Nimeandika namba. Mstari wa arobaini na moja. Na juu yake, kwa maneno ambayo kompyuta huyaruka na mtu huyasoma: *Dakika za Sista Mkuu. Zisiguswe.*

Nikatuma ombi. Mia mbili. Jibu la majaribio likashuka lote kwenye kioo, potasiamu, sukari, kila kitu. Mwanafunzi akiniletea mstari kama huo ningempa sifuri na hotuba. Najua. Nilitaka mahali pamoja duniani ambapo bado anahesabiwa.

Nimeiacha programu ijihamishe yenyewe Jumatatu alfajiri. Mpaka hapo itapita mlango wa zamani.

Kamanda akauliza: "Umeigusa saa?"

"Sijaigusa."

Akanishika mkono, akiwa bado amevaa glavu.


Jumapili, 16 Machi

Siku ndefu. Nimefua. Nguo za mtu mmoja hazijazi kamba.

Binti alipiga. Nikamwambia kazi imekwisha. Akasema, sasa utapumzika baba. Nikataka kumsimulia habari ya saa ya mama yake, nikaona kwa simu haitafika nzima. Nikamuuliza watoto wanaendeleaje na hesabu. Wanaendelea vizuri.

Mshonaji ametolewa damu leo mchana. Jibu lake litakuwa tayari kesho alfajiri. Yeye ni wa zamu ya kwanza.


Jumatatu, 17 Machi

Naandika hapa hapa kwenye meza ya wauguzi, kwa kalamu ya kuazima.

Kamanda alipiga saa kumi na mbili na dakika hamsini. "Shemeji, inakataa." Nikamwambia haiwezekani. Akanisomea: mia nne na moja. Nilivaa viatu bila soksi.

Njiani nilimpigia, nikamwambia tazama saa ya kompyuta, inasema ngapi. Akasema, saa moja na dakika tano. Yangu pia ilisema saa moja na dakika tano.

Nikaelewa kabla hajanieleza. Jumamosi alimwita fundi wa kompyuta, akamwomba aiunganishe na saa ya mtandao. Hakuniambia.

"Uliposema hujaigusa nilidhani kazi bado, shemeji, nikafikiri usiku kucha. Nikasema wewe usije ukalazimika kuigusa kwa mkono wako. Bora niiguse mimi. Ya ukutani nimeiacha." Akaongeza: "Nilidhani nakusaidia."

Alifanya jambo la haki kabisa. Mimi ndiye niliyeandika namba. Saa sasa ni sahihi, na programu yangu inaendelea kutoa dakika kumi na mbili, kwa hiyo kila ombi linatoka nyuma, limeshaoza kabla ya kufika. Nilimwambia basi isogezeni tena mbele, hata kwa muda tu. Haiwezekani. Fundi ameifunga kwa nywila yake, na simu yake haipatikani.

Mshonaji yuko kitanda cha tano. Mkono ameunyoosha, umeshafutwa dawa, hajaunganishwa. Anasema kifua kinamcheza. Daktari amesimama kwenye miguu ya kitanda, mifuko miwili ya maji imewekwa juu ya kabati, na hajagusa wowote. Jibu lake lipo maabara tangu alfajiri. Limekaa tu, linasubiri kuombwa na mtu anayetambulika.

"Baba," ameniambia, "umepauka kama kitambaa cha bitana. Usiharakishe ukakosea. Mimi nipo."

Halafu, kwa sauti ndogo: "Ila usikae sana."

Kompyuta inawaka upya. Nyongeza za programu alizoweka fundi zimeilazimisha. Inachukua dakika nne. Nimeshaitazama moja. Kamanda amesimama nyuma yangu, na safari hii hasemi mzaha. Nasikia anavyopumua.

Najua mkono wangu. Ukifika pale utasoma maneno yale ya juu, utataka kuyahifadhi, utatafuta namba nyingine ya kuweka. Kwa hiyo naandika hapa, kwa wino, ili nikifika nisijadiliane.

Leo, kabla ya jambo lingine lolote: futa mstari wa arobaini na moja, pamoja na maneno yaliyo juu yake.